Joto Kwenye Goti la Mama Pelagia

Kila Masele alipoweka mgongo wa kiganja juu ya goti la Mama Pelagia, macho yake na mkono wake viligombana. Macho yalimwambia kuwa kidonda kimefunga vizuri, mshono umekauka, hakuna usaha wala harufu. Mkono ulimwambia kuwa goti linawaka.

Alichukua kipimajoto, akakiweka kwapani mwa mama yule. Homa hakuna. Akamuuliza usingizi, akajibiwa analala mpaka wajukuu wanamwamsha. Akamuuliza chakula, na Mama Pelagia akacheka, akasema tatizo si yeye kukosa hamu ya kula, tatizo ni watu wa mjini kupakua ugali kama wanalisha kifaranga. Mgonjwa mwenye goti lililooza ndani hasemi hivyo. Masele aliweka mkono tena. Ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba, na moto ule ulipanda kwenye vidole vyake kana kwamba ameshika chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Mama Pelagia alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Usevya. Maisha yake yote aliyapitisha ndani ya majaruba, ameinama, maji yakiwa kwenye mashavu ya miguu, mpaka goti la kushoto likasaga mfupa kwa mfupa na kukataa kazi. Mwanawe Optatus, fundi wa kuchomelea mageti mtaa wa Shanwe, mjini Mpanda, alihangaika hadi mama akapelekwa kwenye hospitali ya rufaa, mbali, safari ya kuchosha hata mtu mwenye magoti mawili mazima. Huko madaktari walilitoa goti bovu wakaweka la chuma na plastiki. Akarudishwa Mpanda na magongo mawili na mfuko wa vidonge, akae kwa mwanawe kwanza, chini ya uangalizi, kabla ya kurudi kijijini.

Uangalizi wenyewe ulikuwa ni Masele. Alizaliwa upande wa Kibaoni, katika ukoo wa wafugaji wa Kisukuma, na baba yake alishamwandalia fimbo ya kuchungia, ila shule ikawahi kumchukua. Baada ya chuo cha uuguzi alifanya kazi kwenye wodi ya mifupa ya hospitali kubwa, na huko ndiko alikopata hasira yake. Aliona wagonjwa wanaokaa jirani na hospitali wakirudi kila mara kufundishwa kukunja goti, kunyoosha, kupanda ngazi, na baada ya muda wanatembea. Aliona wagonjwa wa kutoka mbali, watu wa kwao, wakipakiwa kwenye basi na kuaga, halafu wanarudi siku nyingi baadaye na goti limekakamaa kama mchi. Upasuaji ni uleule. Chuma ni kilekile. Aliyekosekana ni mtu mmoja tu wa kukaa nao wakati goti linajifunza kuwa goti. Masele alijiuliza ni haki gani hiyo, mtu kutembea au kutotembea kwa sababu ya umbali wa nyumba yake, halafu akaomba uhamisho kurudi Mpanda. Mchana alifanya kazi kituo cha afya. Zamu ikiisha alipita majumbani. Wenzake walimwita Masele wa Magoti. Hakukasirika. Aliona ni cheo.

Sasa goti la kwanza gumu lilikuwa mbele yake, na hakulielewa.

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba nyumba ile ilifuata maelekezo yote. Nyumba isiyofuata maelekezo humpa muuguzi mahali pa kuweka lawama. Hapa hapakuwa na mahali. Alisema wasimwekee mto chini ya goti, maana goti likizoea kulala limejikunja litagoma kunyooka, na mto hakuuona tena. Alisema kidonda kisiguswe na maji, na kidonda kilikuwa kikavu. Vidonge vya kuzuia damu isigande vilimezwa bila kurukwa. Hata yeye mwenyewe alipokelewa kwa heshima zote. Alikuwa na desturi ya kupiga simu kabla ya kwenda, kwa sababu alilelewa kwamba mgonjwa havamiwi. Emelyne, mke wa Optatus, alipokea simu akasema karibu dokta. Alipofika aliwekewa kiti sebuleni na chai ya tangawizi, akasubiri kidogo mlango wa chumbani ukiwa umefungwa, huku akisikia wanawake wakinong'ona na maji yakimwagika kwenye beseni. Alijua mama anaogeshwa. Halafu mlango ukafunguliwa, akamkuta Mama Pelagia amevikwa kitenge safi, mguu umenyooshwa, mwili umelainika tayari kwa mazoezi. Goti lilijikunja vizuri kuliko alivyotarajia. Linajikunja, na linawaka. Vitabu vyake havikuwa na goti la namna hiyo.

Siku moja aliwauliza wote wawili, mama na mkwe, uso kwa uso. Je, kuna dawa yoyote wanayotumia? Majani? Mizizi? Mafuta ya ng'ombe? Kuna mtu ameleta kitu kutoka Usevya, au kutoka Katumba kwa kina Emelyne?

Emelyne alitikisa kichwa. Mama Pelagia akasema kwa msisitizo, "Mwanangu, ulishatukataza dawa. Humu ndani hakuna dawa isipokuwa hizo zako."

Alisema kweli, na Masele aliona kuwa anasema kweli. Akatoka pale akiwa amepotea kuliko alivyoingia.

Akampigia simu Daktari Haidari, yule aliyeliweka goti lenyewe. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kuhusu homa, usaha na maumivu. Alisema goti likiwa na joto kiasi baada ya upasuaji si ajabu, lakini joto linalounguza mkono na wekundu ni habari nyingine. Wadudu wakishaingia kwenye chuma, vidonge peke yake havitoshi. Inabidi goti lifunguliwe tena, lisafishwe, na pengine chuma chenyewe kitolewe. Asingeweza kuamua kwa simu. Wamlete.

Masele alirudi Shanwe na habari hiyo kifuani kama mzigo wa mahindi mabichi. Mama Pelagia alikataa kabla hajamaliza kusema.

"Waliniambia goti moja, nikawapa goti moja," alisema. "Sasa wanataka nini tena? Nikirudi kule watanikata mguu mzima, halafu mtanirudisha Usevya nusu mtu. Nani amewahi kuona mwenye mguu mmoja akipandikiza mpunga?"

Optatus alimbembeleza. Mama hakusogea. Ndipo Masele, kijana mwenye moto, akaona huruma haitoshi, akasema neno ambalo baadaye alitamani kulirudisha mdomoni. Alisema goti hilo likiachwa litaoza.

Neno lilishuka sebuleni, likakaa. Emelyne aliondoka na vikombe bila kumaliza kuvikusanya. Mama Pelagia alitazama mguu wake kama mtu anayemtazama mgeni ambaye hajui ataondoka lini. Kesho yake nafasi kwenye basi ilikuwa imeshapatikana, ya mama na ya Optatus wa kumsindikiza, waondoke alfajiri inayofuata.

Asubuhi ya siku hiyo ya mwisho, umeme ulikuwa umekatika mji mzima na simu ya Masele ilikuwa imezima chaji. Daktari Haidari alikuwa amemwagiza amwangalie mama shavu la mguu kabla ya safari ndefu, kama kuna maumivu au uvimbe, maana damu ikiganda mguuni, safari ya basi inaweza kumuua mtu akiwa amekaa kitini. Masele hakutaka kungoja jioni. Akaomba ruhusa kituoni, akaazima pikipiki ya mwenzake, akafika Shanwe bila kupiga hodi ya simu.

Alimkuta Mama Pelagia uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu umenyooshwa juu ya ndoo iliyofunikwa, anapembua mchele wa kuwapelekea ndugu wa kule safarini. Alishtuka kidogo kumwona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja mapema, dokta. Hatujajiandaa."

Masele alisema hakuna shida, anaangalia kitu kimoja tu. Akapiga goti chini, akaminya shavu la mguu taratibu. Laini, halina maumivu. Kisha, kwa mazoea tu, akaweka mgongo wa kiganja juu ya goti.

Goti halikuwa moto.

Aliondoa mkono, akaurudisha. Akashika goti la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia. La kushoto lilizidi mwenzake kidogo sana, joto la kawaida la mwili unaojijenga. Wekundu haukuwepo. Uvimbe ulikuwepo, lakini ngozi ilikuwa na rangi ya ngozi. Masele alishika hata goti lake mwenyewe, juu ya suruali, kana kwamba ndilo litakalomweleza.

Angepaswa kufurahi. Badala yake aliogopa. Wadudu hawaondoki usiku mmoja kama wageni wa harusi. Ama mkono wake unamdanganya leo, ama ulimdanganya siku zote, na kama ulimdanganya siku zote, basi amewapakia watu kwenye basi na kumtia mama wa watu hofu ya kukatwa mguu kwa sababu ya mkono mwongo. Aliomba kiti. Akasema atakaa kidogo.

Alikaa. Emelyne alitoka jikoni, akamwona, akasimama ghafla. Akamwamkia, akarudi ndani, akatoka tena, akamwinamia mama mkwe wake sikioni, wakanong'ona. Mama Pelagia akatikisa kichwa kuelekea kwa mgeni. Emelyne akanong'ona tena, safari hii kwa uso wa mtu anayeona aibu. Kisha akawasha jiko la mkaa la pili na kuteleka sufuria kubwa. Masele aliyaona yote hayo bila kuyaelewa. Alidhani ni chakula.

Maji yalipochemka, Mama Pelagia alisaidiwa kusimama, akaingia chumbani na magongo yake. Emelyne akapita na beseni linalofuka moshi, taulo zito begani na mfuko wa nailoni mkononi. Mlango ukafungwa. Masele alibaki uani. Kutoka dirishani alisikia maji yakikamuliwa kutoka kwenye taulo, na baada ya hapo akasikia pumzi ya Mama Pelagia, ndefu, ikivutwa kwa meno, jinsi mtu anavyovuta pumzi anapomeza maumivu. Kimya. Maji tena. Pumzi tena.

Alipoitwa, alimkuta kama alivyomkuta siku zote: kitenge safi, mguu umenyooshwa, mwili umelainika. Hakuhitaji kugusa. Aliona wekundu kutoka mlangoni. Aligusa hata hivyo, na goti likauunguza mkono wake.

"Mama," alisema polepole, "haya maji ni ya nini?"

"Ya kukandia."

"Mnakanda tangu lini?"

"Tangu nirudi. Kila ukitupigia simu kwamba unakuja." Mama Pelagia alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani vipi?"

"Niliwauliza kama kuna mnachotumia."

"Uliuliza dawa, mwanangu. Maji ni dawa? Maji ni maji."

Emelyne alikuwa amesimama na beseni mkononi, hajui aliweke chini au alitoe nje. Kwa sauti ndogo akaeleza kuwa kidonda hawakukigusa, dokta alikataza kisilowe, kwa hiyo alikifunga nailoni kwanza, akakandamiza pembeni tu, juu na chini, kwa taulo la moto kabisa. Dokta akija anamkunja mama goti. Bila kukandwa mama anakuwa amekakamaa, dokta anapata taabu, mama anaumia. Akikandwa analainika. Si kweli kwamba alikuwa anamkuta laini?

Ilikuwa kweli. Masele alifungua mdomo atoe somo, na somo likakosa pa kuanzia. Alitaka kusema kuwa joto hilo linaongeza uvimbe kwenye goti changa, kwamba karibu limrudishe mama chini ya kisu. Alitaka pia kusema kuwa yeye mwenyewe, kila jioni, alifurahia ulaini ule na kuuandika kama mafanikio yake. Alitaka kumkasirikia mtu, na hakumwona wa kumkasirikia.

"Nani alisema akandwe?" aliuliza hatimaye.

Emelyne alitazama chini. Ni Mama Pelagia aliyejibu. Alieleza kuwa binti huyu alipojifungua mtoto wa kwanza hakuwa na mama. Mama yake alishazikwa Katumba. Kwa hiyo yeye, mkwe, alitoka Usevya na mchele wake kichwani, akaja akamkanda asubuhi na jioni mpaka tumbo likarudi na miguu ikapata nguvu. Mtoto wa pili, vilevile. Wanawake wa kwao Emelyne walishangaa, walisema mabukwe gani huyu, mama mkwe anayekanda kama mama mzazi.

"Nilimwambia siku moja nitamkanda na yeye," Emelyne alisema. "Nikawa naisubiri hiyo siku."

"Lakini mama, si linauma?" Masele aliuliza.

"Linauma sana," alisema Mama Pelagia bila kusita. "Kukandwa kunauma. Na yeye aliumia mikononi mwangu, hakunipigia kelele. Nimpigie mimi?"

Hapo Masele aliomba simu ya Emelyne, iliyokuwa bado na chaji kidogo, akatoka uani akampigia Daktari Haidari. Alimweleza. Daktari akauliza kama asubuhi, kabla ya maji, goti lilikuwa la kawaida. Ndiyo. Akasema basi waache maji ya moto, waweke kitambaa cha baridi, wapime damu hapohapo Mpanda, na Masele aliangalie goti kila siku. Homa ikipanda au joto likirudi bila maji, mama apande basi hata kama analia.

"Na kama nimekosea tena?"

"Utaniletea, nitalifungua," alisema daktari. "Ila nisingependa kulifungua kwa sababu ya taulo."

Optatus alirudi kutoka karakana, mikono imejaa masizi, akakuta safari imeahirishwa. Hakufurahi. Alishawaaga wateja, alishawapigia ndugu, alishalala na neno lile la kuoza.

"Kaka, samahani," alisema. "Jana goti linaoza. Leo ni maji. Nyie wataalamu mnataka tuwaamini kwa lipi?"

Masele alijaribu kujibu kama mtaalamu, akashindwa. Akasema jana alisema jambo asilolijua kwa sauti ya mtu anayejua, na hilo ni kosa. Leo anajua moja tu: moto ule ni wa maji. Kama ndani kuna kitu kingine, hajui bado. Ndiyo maana atakuja kila siku. Optatus akaenda kunawa mikono. Hakusema ndiyo, lakini hakwenda stendi.

Damu ilipimwa, majibu hayakuonyesha ubaya. Masele alianza kuja bila kupiga simu, jambo lililomkera yeye mwenyewe kuliko wenyeji. Mama Pelagia alimruhusu: njoo kama mwizi, alimwambia, maadamu huibi. Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Bila taulo goti liligoma kukunjika, mama akapiga kelele ambazo zilikuwa zimekaa ndani tangu upasuaji, akamtukana Masele, akamtukana aliyebuni chuma, akawatukana wafugaji wote wa Kisukuma na ng'ombe wao wanaokula mpunga. Masele alikunja, akanyoosha, akasubiri, akakunja tena. Hakujua kama anamponya au anamtesa. Kila akitoka pale alikuwa na uhakika, na kila akifika nyumbani uhakika ulikuwa umeisha.

Na Emelyne hakuonekana. Chai ililetwa, kitambaa cha baridi kilikuwa tayari kwenye bakuli, lakini mwenyewe alikaa jikoni. Majirani walikuwa wameshaanza kumsema, kwamba mke wa Optatus anamwagia mama mkwe maji baridi, kama anamtakia baridi yabisi. Kwake yeye pia lilikuwa jambo zito. Mgonjwa unampa moto. Ukimpa baridi umemtelekeza.

Jioni moja goti lilishuka uvimbe kiasi kwamba mfupa wa mbele ulianza kuonekana. Masele aliweka mkono, akakaa nao pale. Kisha akainuka, akaenda mpaka mlango wa jikoni.

"Dada Emelyne, naomba mkono wako."

"Mikono yangu si ndiyo ilikuwa inamuumiza?"

 Masele alisema tu kuwa peke yake hawezi. Anayekunja ni mmoja, anayeshika kisigino ni mwingine, na yeye hakai katika nyumba hii. Alisubiri. Emelyne alijifuta mikono kwenye khanga, akaja, akapiga magoti kando ya kitanda. Masele akaichukua mikono yake akaiweka juu ya goti la Mama Pelagia.

"Lina baridi," Emelyne alisema, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba.

"Ndiyo. Ndivyo tunavyolitaka."

Hakuonekana kuamini. Lakini hakuiondoa mikono. Akaipitisha pembeni ya mshono, taratibu, huku akimtazama mama mkwe wake usoni kuona kama atavuta pumzi kwa meno. Mama Pelagia hakuvuta.

"Sasa nyie mnanipapasa goti kama mnachagua papai sokoni," alisema. "Niinueni. Nataka kwenda uani."

Emelyne akashika kisigino, Masele akamshika mama kiunoni, na mama akainuka.